Baba alikuwa mwanamaji, lakini nani aliwahi kumuuliza?

Msiba ukitokea katika kijiji cha Singida, kazi hugawanywa haraka. Vijana hufunga turubai na kwenda kuchimba kaburi. Kina mama huteka maji na kuinjika masufuria. Wazee hukaa na kamati kupanga ratiba, na mtunza fedha hufungua daftari la rambirambi. Kazi moja tu huachwa hadi mwisho. Saa nne za usiku, mazishi yakiwa kesho, ndipo mtu huuliza: "Historia ya marehemu anaandika nani?"

Hutafutwa mtoto aliyesoma zaidi, hupewa kalamu na karatasi. Yeye humuuliza mama, ambaye hajalala siku mbili. Humuuliza baba mdogo, ambaye anakumbuka mwaka wa ukame lakini si mwaka wa ajira. Ikifika saa sita usiku ukurasa umejaa: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, idadi ya watoto na wajukuu, kuugua, shukrani kwa madaktari. Kesho yake husomwa kwa dakika nne, watu wanaitikia, na jeneza linashushwa.

Kwa mkulima aliyeishi miaka 70 katika kijiji kimoja, ukurasa ule hauharibu kitu. Majirani wanamjua. Wanajua shamba lake, ng'ombe wake, ugomvi wake na jinsi alivyosuluhisha ugomvi wa wengine. Shida huwa kwa yule aliyeondoka kijijini akiwa kijana, akavaa sare, akafanya kazi mbali kwa miongo mitatu, kisha akarudi na mvi na sanduku la bati. Majirani wake hawawezi kuijaza miaka ile. Mara nyingi hata watoto wake hawawezi.

Na kati ya hao, anayesahaulika upesi zaidi ni askari wa majini, kwa sababu hapa Singida hakuna hata kitu cha kuelekeza kidole na kusema, "Alifanya kazi pale."

Mzee Meli

Tumchukue mzee mmoja wa mfano. Hakuwa mtu mmoja. Ni mkusanyiko wa wazee wa aina yake, na msomaji akitazama ukoo wake huenda akamwona. Tumwite Mzee Meli, jina ambalo vijana wa kijiweni wangempa.

Anatoka Iramba, upande wa Ziwa Kitangiri. Mkoa huu una maziwa kadhaa. Singidani na Kindai yako mjini kabisa, lakini maji yake ni ya chumvi na hayamfundishi mtu ubaharia. Kitangiri lina wavuvi na mitumbwi, kwa hiyo kijana wa kule angalau amewahi kuyumbishwa na maji. Bahari yenyewe iko mbali. Kutoka Singida mjini hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 700 kwa barabara.

Nchi yenyewe ilichelewa kuwa na wanamaji wake. Enzi za Waingereza kulikuwa na jeshi moja la majini la Afrika Mashariki lenye makao Mombasa, na lilivunjwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, liliundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo. Kamandi ya Wanamaji ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa China, na makao yake yakawa Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Boti za mwanzo zilitoka China, na waliozijua vizuri walikuwa Wachina, kwa hiyo kijana aliyetoka kuchunga mbuzi aliweza kujikuta anajifunza injini ya dizeli kwa mwalimu ambaye hawaelewani lugha.

Mzee Meli alikuwa kizazi hicho. Alianza chini, akasoma, akapanda hadi kuwa ofisa. Alilala Kigamboni, akapangiwa Mwanza, akakaa Kigoma, akarudi pwani. Alipostaafu alijenga nyumba ya bati kwao, akapanda alizeti, akafuga kuku. Kijijini akawa "afande" anayeombwa kuwa mwenyekiti wa kila kamati.

Alipofariki, ukurasa wake ulisema hivi kuhusu miaka yote ya kazi: "Marehemu alilitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania kwa uaminifu hadi alipostaafu." Ni sentensi ya kweli, ila ingeweza kusomwa kwa maelfu ya watu wengine bila kubadilisha neno.

Mtu wa familia aliyekuwa mbali

Ukurasa ule huwa na sentensi nyingine inayopendwa: "Marehemu alikuwa mtu wa familia." Kwa askari wa majini sentensi hii inahitaji maelezo, kwa sababu watoto wake wanajua kuwa kwa miaka mingi hakuwepo.

Askari wengine walikaa na familia zao kambini. Wengine waliacha mke na watoto kijijini, wakawa baba wa likizo. Baba wa likizo anakuja na sukari, sabuni za kipande na viatu vya shule ambavyo ni vidogo kwa namba moja, kwa sababu alivinunua kwa kukumbuka mguu wa mwaka jana. Anakaa wiki nne. Wiki ya kwanza watoto wanamwogopa, ya pili wanamzoea, ya tatu wanampenda, ya nne anaondoka. Katikati ya likizo mbili kuna barua na hawala ya fedha ya posta.

Mama ndiye aliyebaki na kila kitu. Aliamua mtoto yupi aende shule ya bweni, ng'ombe yupi auzwe, na nani apelekwe hospitali ya misheni usiku. Ukimsifu baba kwa kuwa mtu wa familia bila kutaja kazi ya mama, umeandika nusu ya historia. Na ukiandika kwamba hakuwepo ukaishia hapo, nayo ni nusu.

Nusu iliyobaki iko katika mambo madogo ambayo Mzee Meli aliyaleta nyumbani bila kuyaeleza. Alikoga kwa nusu ndoo na kukasirika akiona bomba la pipa linavuja. Watoto walidhani ni ubahili wa askari. Kumbe melini maji ya kunywa na kuoga hubebwa kutoka nchi kavu na kupimwa, na anayeyamwaga huwakosesha wenzake. Tabia ile ikafaa sana katika mkoa wa mvua chache kama Singida, lakini hakuna mtoto aliyejua imetoka wapi.

Mbuzi wake walifungwa kwa fundo ambalo halikuwahi kumkaba mnyama, na lilifunguka kwa mkono mmoja hata kama kamba ilivutwa kutwa nzima. Ni fundo la mabaharia. Alimfundisha mjukuu wake mmoja tu, yule aliyeuliza.

Aliamka saa kumi usiku, akatoka nje, akatazama anga, akarudi kulala. Mkewe alizoea. Mwanamaji hulala kwa zamu. Saa chache usingizini, saa chache kwenye usukani au injini. Mwili uliofundishwa hivyo kwa miaka 28 haufundishwi upya kwa cheti cha kustaafu.

Mambo haya matatu yanamweleza mzee yule kuliko orodha ya vyeo. Yote yangepatikana kwa swali moja jepesi: "Baba, hii umejifunza wapi?"

Kazi inapobaki mwilini

Kuna sababu nyingine ya kuuliza, na hii inamhusu mzee akiwa bado hai. Daktari anayemtibu mzee anahitaji kujua alifanya kazi gani, wapi na kwa muda gani. Mara nyingi anayejibu maswali hospitalini ni mtoto, kwa kuwa mzee hasikii vizuri au amechoka. Mtoto akisema "alikuwa mwanajeshi", daktari anawaza risasi na kwata. Akisema "alikaa miaka 15 chumba cha injini ya boti", daktari anawaza mambo mengine kabisa.

La kwanza ni masikio. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha sauti cha desibeli 85 kwa saa nane za kazi. Chumba cha injini ya meli kinaweza kupita 100, na zamani wengi walifanya kazi bila vizibo vya masikio. Usikivu unaoharibiwa na kelele haurudi. Familia huona mzee amekuwa mkali, hataki vikao, anajibu visivyo, na husema "uzee". Huenda hasikii tu. Tume ya wataalamu iliyochapishwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 iliutaja upungufu wa kusikia kuwa miongoni mwa mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yanaweza kupunguza au kuchelewesha ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kumpeleka mzee kupimwa masikio, au hata kuondolewa nta tu, kunaweza kumrudisha kwenye mazungumzo ya nyumbani.

La pili ni mapafu. Meli nyingi zilizojengwa duniani hadi miaka ya 1970 zilifungwa asbestosi kwenye mabomba na injini ili kuzuia joto na moto. Vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni. Linaweza kusababisha makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na saratani adimu ya utando unaoyazunguka. Ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye au zaidi, mtu akiwa amestaafu zamani na amesahau. Hii haina maana kwamba kila mwanamaji amevuta vumbi hilo. Maana yake ni kwamba mzee akikohoa kwa miezi au kubanwa pumzi, akapimwa kifua kikuu na kisionekane, neno "nilikuwa fundi wa injini melini" linaweza kumfanya daktari atazame picha ya kifua kwa jicho jingine. Kwa Singida somo hili si la wanamaji peke yao. Mkoa una historia ndefu ya machimbo ya dhahabu, Sekenke ikiwa imeanza tangu enzi za Wajerumani, na vumbi la miamba nalo huharibu mapafu polepole. Mtoto wa mchimbaji naye ajue baba alikaa shimoni miaka mingapi.

La tatu halionekani kwenye picha. Nchi hii imezika watu wengi kutoka majini: MV Bukoba Mei 1996 karibu na Mwanza, MV Spice Islander Septemba 2011 karibu na Nungwi, MV Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe, MV Nyerere Septemba 2018 karibu na Ukara. Magazeti yaliandika idadi ya waliofariki. Yaliandika kidogo sana kuhusu waliotumwa kuopoa miili, wakaifikia iliyokaa majini kwa siku kadhaa, mingine ikiwa ya watoto, kisha wakarudi kambini kula chakula cha jioni.

Mtu aliyepitia hayo anaweza kuota jinamizi kwa miaka. Anaweza kukataa kula samaki bila kusema kwa nini. Anaweza kukataa watoto wasikaribie ziwa, au kunywa pombe kila ufikapo mwezi fulani. Familia ikijua chanzo, humwelewa; isipojua, humwita mkorofi. Haya yana tiba, na si lazima kuwe na dawa. Mara nyingi mazungumzo na mtaalamu husaidia. Huku kwetu mtu akitajiwa afya ya akili huwaza Mirembe, Dodoma, na milango iliyofungwa. Pa kuanzia ni karibu zaidi: kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kwa kusema tu kwamba mzee hapati usingizi.

"Aliugua kwa muda mfupi"

Turudi kwenye ukurasa wa msibani, kwenye mstari unaoelekea mwisho: "Marehemu aliugua kwa muda mfupi." Au: "Alisumbuliwa na maradhi kwa muda mrefu." Ni lugha ya heshima. Waombolezaji mia tatu hawana haja ya kujua kilichokuwa tumboni au kibofuni mwa mzee wa watu. Hilo lisibadilike.

Shida ni pale watoto wa marehemu nao wanapoondoka na sentensi ileile. Miaka kumi baadaye mtoto wa kiume ana miaka 48, anaulizwa na daktari, "Baba yako alifariki kwa ugonjwa gani?" Anajibu, "Aliugua kwa muda mfupi."

Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume wa Tanzania. Mwanamume ambaye baba au kaka yake aliipata ana hatari takribani mara mbili ya mwenzake asiye na historia hiyo. Kwa mtu huyo mazungumzo na daktari kuhusu kipimo yanafaa yaanze kwenye miaka 45, tena mapema zaidi kama ndugu zaidi ya mmoja waliugua. Kipimo cha kwanza ni cha damu. Lakini atajuaje kwamba anahusika, ikiwa ugonjwa wa baba ulizikwa naye?

Presha ya macho ni vivyo hivyo. Huua uoni polepole bila maumivu, hutembea katika ukoo, na kilichopotea hakirudi. Wazee wengi husemwa "alipofuka kwa uzee", kumbe watoto walipaswa kupimwa macho. Shinikizo la damu na kisukari navyo huandamana na familia, kwa damu na kwa chakula. Mtu ambaye baba yake alipata kiharusi akiwa na miaka 58 anapaswa kuijua namba yake ya presha, na kujua kwamba ikipimwa mara kwa mara ikawa 140 kwa 90 au zaidi, anahitaji kumwona daktari hata kama hasikii kuumwa.

Njia ya kulinda heshima ya mzee na afya ya watoto kwa pamoja ipo. Kaburini isomwe sentensi ya heshima. Ndani ya nyumba, baada ya matanga, mama au mtoto mkubwa awakalishe ndugu wa tumbo moja na kuwaambia jina la ugonjwa, umri ambao mzee aliupata, na dawa alizotumia. Karatasi za hospitali zisichomwe pamoja na nguo kuukuu. Ziwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Kumuuliza bila kumhoji

Mzee wa jeshi hahojiwi kama mtuhumiwa. Zaidi ya hapo, alikula kiapo. Yapo mambo ya kazi ambayo hatayasema hadi kufa, na ana haki. Asiulizwe operesheni, silaha wala majina ya wakubwa. Aulizwe kuhusu yeye mwenyewe.

Anza na tumbo, maana kila mwanamaji ana hadithi ya tumbo. Siku ya kwanza baharini alitapika? Nani alimcheka? Walikula nini melini, na ugali ulipikwaje chombo kikiyumba? Mara ya kwanza kuiona bahari alidhani ni nini? Maswali haya hucheka na kufungua mlango.

Kisha uliza watu. Rafiki yake alikuwa nani? Yuko wapi sasa? Alimwonaje mama kwa mara ya kwanza, na ujumbe wa posa ulipelekwa na nani wakati yeye yuko doria? Ni nani alizaliwa asiwepo, na alipata habari kwa njia gani?

Maswali mazito yaje mwisho, na si siku moja na hayo mengine. Aliogopa lini? Nini kinamuuma hadi leo? Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema "yaache hayo", yaache. Akianza kutetemeka au kulia, usimkimbize na usimhubirie. Mpe maji, kaa naye, na siku nyingine mwulize kama angependa kuongea na mtaalamu.

Swali la afya lichanganywe humo humo: ulifanya kazi sehemu gani ya chombo, na ni kelele gani ulizoea? Uliwahi kuumia? Umewahi kulazwa, wapi, kwa ugonjwa gani? Babu yetu alikufa kwa nini, na ndugu zako je?

Wakati mzuri ni ule ambao mikono ina kazi. Wazee wengi huongea vizuri wakipura alizeti, wakichambua karanga, wakitengeneza banda la kuku, au njiani kwenda mnadani. Simu iliyowekwa mezani inarekodi sauti bila gharama, lakini mwambie kwamba unarekodi. Mjukuu anafaa kuliko mtoto, kwa kuwa babu humsamehe maswali ambayo baba asingeyasamehe. Na mama akae karibu. Atamsahihisha tarehe, na katika kusahihishana huko ndiko nusu ya historia hutoka. Naye aulizwe yake, maana siku yake pia karatasi itatafutwa saa nne usiku.

Mwisho, kusanya nyaraka akiwa hai: cheti cha kustaafu, vitambulisho, picha za kambini. Nyuma ya kila picha aandike majina kwa mkono wake. Picha ya vijana sita wenye kofia za wanamaji, isiyo na majina, baada ya mazishi ni karatasi tu.

Ukurasa ambao ungeweza kusomwa

Familia ya Mzee Meli ingekuwa imeuliza, ukurasa wake ungesomeka hivi, na bado ungetosha dakika nne:

"Baba yetu alizaliwa Iramba, akachunga mbuzi kando ya Kitangiri. Aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 20. Siku ya kwanza kwenye boti alitapika hadi jioni, akaapa kuacha kazi. Hakuacha kwa miaka 28. Alikuwa fundi wa injini kabla ya kuwa ofisa, na alisema chombo kibovu hukijua kwa kuweka kiganja, si kwa sikio. Kati ya sisi saba, watano tulizaliwa yeye akiwa mbali. Alimwambia mama kwamba hilo lilimuuma kuliko dhoruba yoyote. Mama alitulea, baba alitusomesha, na alipostaafu alijitahidi kutufahamu. Wapo watu ambao baba aliwatoa majini hatukuwahi kuwajua. Tunawaombea nao leo. Fundo lililoshika kamba za jeneza hili ni lake. Amelifunga mjukuu wake."

Hakuna siri ya jeshi iliyotoka hapo. Hakuna sifa iliyotiwa chumvi. Hata aliyekuja msibani kwa ajili ya jirani angeondoka akimjua aliyezikwa.

Aliyejiunga na wanamaji mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa na miaka 20 sasa amepita 70. Wapo wachache katika vijiji vya Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na pembezoni mwa mji wa Singida, wakilima alizeti na kuongoza kamati za misiba ya wengine. Kama mmoja wao ni baba yako, mjomba au jirani, Jumapili hii baada ya ibada au chakula cha mchana, kaa naye kivulini na umuulize siku ya kwanza baharini ilikuwaje. Akiuliza unataka nini, mwambie ukweli: unataka kumjua.